Gauni Lisilo na Kiuno

Scola binti Ndalahwa alikuwa mtu wa kuvaa, na hakungoja Jumapili wala harusi. Alivaa kwenda kisimani, alivaa kwenda kusaga, alivaa hata kukaa barazani akichambua mlenda. Wanawake wengi wa Somanda, pale Bariadi, siku zile walikuwa na nguo za aina mbili: ya kazi, iliyopauka hadi rangi yake ikasahaulika, na ya kanisani, iliyolala sandukuni ikinuka nafthalini. Scola alikuwa akisema kwamba maisha ya mtu yote yamo kwenye Jumatatu na Jumanne, sasa kwa nini ayamalize akiwa amejifunga matambara.

Fedha hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni dada yake, Philomena, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka moja karibu na soko la Bariadi. Wawili hao walikulia Mkula, kwenye ile miaka ambayo maduka yalikuwa na rafu tupu na kitambaa kilipatikana kwa kupanga foleni na kwa bahati. Waliwahi kuwa na gauni moja la heshima kati yao. Philomena alilivaa misa ya kwanza, akakimbia nyumbani kulivua, na Scola akalivaa misa ya pili likiwa bado na joto la mwenzake. Labda ndiyo maana biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Bariadi, Scola alikuwa wa kwanza kuyafikia.

Alijua kuyachagua. Wenzake waligombania vinavyong'aa. Yeye aliikunja nguo ndani ya ngumi, akaiachia, akaangalia kama imebaki na makunyanzi. Aliingiza mkono ndani akapapasa mshono. Alitafuta pamba iliyofuliwa hadi ikalainika. Kisha alimpelekea dada yake, na Philomena akaifumua yote na kuishona upya: koti la mwanamume likawa sketi yenye mifuko mikubwa, pazia likawa blauzi. Masika, udongo mweusi wa Bariadi unaponata miguuni kama ugali, wanawake waliovaa viatu vya mchuchumio walivibeba mikononi. Scola alipita na raba zake nyeupe na sketi yake iliyoishia juu kidogo ya kifundo, akitembea kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote.

Mumewe, Mihayo, aliendesha lori la mmoja wa wanunuzi binafsi waliojitokeza pamba ilipoachiwa kununuliwa na kila mwenye mtaji. Alimpenda, na alipenda zaidi kutembea naye. Mtoto wao wa pekee walimzika kabla hajaota meno. Baada ya hapo Mihayo alikaa sana safarini, hata msimu ulipokwisha. Alimtumia Scola vitenge kupitia madereva wenzake. Mwishoni hata vitenge vilikoma, na Scola akahamia kwa dada yake, ambaye alikuwa mjane na nyumba yake ilikuwa na nafasi.

Asubuhi moja Scola alikuja barazani kwa Philomena amejifunga khanga iliyolegea, na kwa mkono mmoja ameishika khanga ile mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Philomena alimwingiza nyuma ya duka. Alipofungua khanga aliona malengelenge yamemzunguka mdogo wake kiunoni, mekundu, yamepangana kuanzia uti wa mgongo hadi karibu na kitovu. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Na miaka ile, kijana akiota mkanda wa jeshi, hapakuwa na mtu mzima asiyejua watu wangesema nini. Kati yao hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa.

"Dada, siwezi kuvaa kitu kinachonigusa hapa," Scola alisema. "Na kushinda ndani siwezi."

Philomena alimwambia akae kwenye gunia la vipande, akatoa mkasi.

Alikata shuka la pamba la mtumba, jekundu la udongo, laini kama sikio la ndama. Alishona kipande cha kifuani kinachokaa mabegani, na kutoka hapo akateremsha marinda hadi chini ya magoti, bila kiuno, bila lastiki, bila mkanda. Mikono aliiacha mipana, ifike kwenye viwiko. Alipofika kwenye mishono alisimama akafikiri. Ngozi ile isingevumilia hata uzi. Basi akaigeuza, mishono yote akaiweka nje, na juu yake akaifunika kwa utepe mweusi, mmoja mmoja, kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Ndani gauni likawa halina kitu. Nje likawa na mistari myeusi iliyoshuka na mwili na kumfanya mvaaji aonekane mrefu.

Scola alilivaa, akainua mikono, akaishusha. Alitembea hadi mlangoni na kurudi. Kisha akalia kidogo, kwa unafuu, akafuta uso na kwenda nalo sokoni.

Hakufika mbali. Muuza dagaa alimsimamisha kumwuliza fundi wake ni nani, akifuatiwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kabla ya jua kupanda Elina, mke wa mwenye lile duka, alikuwa ameshalizunguka gauni kama mtu anayenunua ng'ombe. Elina alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeteseka miaka mingi ndani ya sketi zenye zipu. Alishonewa lake la kitenge cha kijani. Siku alipolivaa kwa mara ya kwanza alikaa barazani akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sikujua kumbe mtu anaweza kupendeza na bado akapumua."

Neno lake likaenea. Ulipofika wakati wa kuvuna pamba, mishono ile ilikuwa imejaa Bariadi. Wajawazito waliipenda kwa sababu zao, wanaonyonyesha kwa sababu zao. Wengine waliivaa shambani, maana ilipitisha hewa na haikubana mtu anapoinama. Waliiita mshono wa Scola. Wapo waliotaka utepe wa rangi mbili, wapo waliotaka wa kung'aa, lakini wote walitaka uwe nje, kama wa kwake. Philomena alishona tangu asubuhi hadi macho yakamwasha, na mdogo wake alikaa pembeni yake akibandika utepe kwa pini, akiwashauri wateja rangi. Zilikuwa siku nzuri. Malengelenge yalikauka yakaacha kovu jeusi, na kwa muda mtu angeweza kudhani yamekwisha.

Lakini mwili ulianza kupungua. Philomena aliuona kwanza kwenye tepu. Mwanzoni alitaja vipimo kwa sauti kama alivyozoea, kisha akawa anavitaja moyoni, na hatimaye akaacha tepu kabisa akawa anampima mdogo wake kwa viganja, kama anamkumbatia. Gauni lile lilimsaidia. Lisilo na kiuno halionyeshi kiuno kimekwenda wapi. Alilitia bitana ndani ili lisimame. Aling'oa sponji kwenye makoti ya mitumba akaziweka mabegani. Mifupa ya shingo ilipotokeza, alishona kola pana ya kukunja. Mikono ilipokwisha nyama, akairefusha hadi kwenye vifundo vya mikono na kuifunga kwa kifungo kimoja cha kifuu. Kila badiliko, wateja waliliona na kulitamani. Wiki iliyofuata kola zile zilikuwa shingoni mwa wanawake wanene, wazima, wanaocheka.

Mama yao, Nyanjige, alikuja kutoka Mkula na kapu la michembe ya viazi vikavu na mtungi wa maziwa. Alimtazama bintiye toka kichwani hadi miguuni. Baadaye alimwambia Philomena kwamba ni kijicho. Mtu anayevaa vile kila siku ya Mungu, katikati ya watu, lazima jicho la mtu limpate. Alikwenda kwa mfumu mmoja, mganga wa kienyeji anayejulikana, akarudi na dawa ya mizizi, na Scola akainywa yote bila kukunja uso, kwa kuwa mama ndiye aliyeileta. Hospitalini walikwenda pia. Huko daktari alimwita Philomena kando, akamweleza kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, akamwambia amlishe vizuri na asimwache peke yake. Philomena alipotoka alimwambia mdogo wake kwamba wamesema apumzike.

Scola hakupumzika kwa namna waliyoitaka wao. Aliposhindwa kufika sokoni alianza kukaa kwenye baraza ya nyumba, kando ya barabara, amevaa. Kila asubuhi Philomena alimwogesha, akampaka mafuta, akamvika gauni safi na kumfunga kilemba, kisha akampeleka kitini kabla hajaenda kazini. Nyanjige aliona ni kumtesa mgonjwa. Alisema mtu anayeumwa hulala. Scola akamjibu mama yake taratibu kwamba akilala, mayu, watu watakuja kumwangalia kama maiti, bali akikaa amevaa watamsalimu tu na kupita. Na kweli walipita wakimsalimu. "Mwangaluka, Scola," walisema, naye aliitikia, na wengine waliongeza kwamba kola ile imempendeza.

Mchana mmoja Philomena alirudi mapema kwa sababu ya mvua. Alimkuta mdogo wake amekaa anatazama maji yanavyokimbia mtaroni. Akavuta kigoda akakaa naye. Walikaa hivyo mpaka mvua ikawa manyunyu.

"Dada, wewe unajua," Scola alisema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mkanda."

"Na mimi hivyo hivyo." Akalaza mikono yake mapajani, juu ya marinda. "Basi usiwaambie wale wanawake kwa nini uliuweka utepe nje. Wanaufurahia."

Philomena aliahidi. Hiyo ndiyo ahadi pekee Scola aliyowahi kumwomba, na haikuwa mikononi mwake kuitimiza.

Alifariki asubuhi, wiki ambayo watu walikuwa wanapalilia. Philomena alikuwa amemwogesha na alikuwa anatafuta gauni la kumvika aliposikia kimya nyuma yake. Alikaa kitandani, akamvika hivyo hivyo, polepole, akiinua mkono mmoja, kisha wa pili, akichunga asikwaruzwe na kitu, ingawa sasa hakuna ambacho kingemkwaruza. Ndipo akamwita mama yake.

Walimzika Mkula, nyuma ya nyumba walikokulia. Mihayo hakuonekana. Walituma watu Mwanza na kwenye vituo vya pamba, hakupatikana, na ndugu zake walisema tu kwamba yuko safarini.

Maneno yalitoka kwa waliosaidia kumwosha maiti. Mmoja aliliona kovu, akamweleza mwenzake alivyoliona, na mwenzake akawa na mdomo. Ndani ya muda mfupi Bariadi nzima ilijua Scola aliumwa nini, na wapo waliokaa wakapiga hesabu zao wakatambua kwamba mshono ule ulianza na mkanda wa jeshi. Hapo kila kitu kiligeuka. Kola ilikuwa ya kuficha shingo. Mikono mirefu ilikuwa ya kuficha mikono. Utepe ulikuwa juu ya kidonda. Waliokuwa wameuringia wakajiona wamevaa ugonjwa wa mtu, na magauni yakatoweka sokoni kama yaliyofagiliwa. Mengine yakawa matambara ya kudekia. Mengine yalionekana yakifuka moshi kwenye mashimo ya taka, utepe ukijikunja.

Elina alikuwa rafiki. Alikaa matanga hadi siku ya mwisho na alipika kwa mikono yake. Ndiyo maana Philomena hakutegemea kumwona yeye kuwa wa kwanza. Alikuja amelifunga gauni la kijani ndani ya gazeti, akaliweka juu ya meza ya cherehani, asiketi.

"Nitilie kiuno," alisema.

Philomena alimwuliza kiuno cha namna gani.

"Cha kawaida, dada Philo. Kama cha watu wengine." Akatazama barabarani. "Sina ubaya na marehemu. Unajua hilo. Ni baba watoto ndiye aliyesema."

Philomena alimpima. Alilikata gauni katikati, akalipunguza, akatia zipu ubavuni, akaung'oa utepe na kurudisha mishono ndani. Elina alilijaribu nyuma ya duka, akashindwa kuifunga zipu mpaka alipobana pumzi. Alishukuru akaondoka nalo. Kesho yake alikuja mwingine, kisha wengine, na Philomena aliwafanyia wote, kwa sababu ndiyo kazi yake na kodi ya baraza ilikuwa vile vile. Jioni alikusanya mabaki ya utepe yaliyozagaa sakafuni akayatia kwenye taka pamoja na nyuzi nyingine. Kuna wateja ambao hawakurudi kabisa. Walihofia mikono iliyomwogesha Scola.

Hasira yake yote aliielekeza kwa Mihayo. Alipokanyaga cherehani alikuwa akitunga maneno atakayomwambia siku akimwona. Aliyanoa, akayapanga upya, akayajua kwa moyo. Huyo ndiye aliyeleta na kukimbia, alijiambia. Huyo ndiye aliyemwacha mtu akae barazani akingoja lori.

Alikuja wakati pamba inaanza kupasuka. Ilikuwa mchana na jua lilikuwa kali, lakini alivaa koti la suti, limefungwa vifungo vyote. Philomena alimwona akivuka barabara, na kabla hajautambua uso alilitambua koti. Aliona jinsi mabega ya nguo yalivyosimama peke yake na mabega ya mtu yako chini. Aliona suruali imekusanywa kiunoni kwa kamba ya katani. Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa ni kutazama mwili ukiondoka ndani ya nguo, na hapakuwa na haja ya kuambiwa.

Mihayo alimsalimu, akaomba kukaa. Alisema habari zilimfikia akiwa kitandani Mwanza, hawezi kusimama, na alipoweza kusimama watu walikuwa wameshaanua matanga. Alikuwa ametoka Mkula, ameonyeshwa kaburi. Alisema pole. Philomena aliendelea kukanyaga cherehani. Maneno aliyoyapanga yalikuwa pale pale kifuani, na alipofungua kinywa yakatoka machache tu.

"Mwenzako alikungoja pale barazani. Amevaa. Kila siku."

"Nilimwona," Mihayo alisema.

Philomena akaacha kukanyaga.

"Nilipita na lori, kipindi cha mvua. Nilikuwa nimeshaanza kuumwa, nimeshakuwa hivi. Nilisema nitasimama nimwambie, kwamba mimi ni mgonjwa, tujue la kufanya." Alizungumza huku ameshika magoti. "Nikamwona amekaa, na gauni lake lile lenye kola, kilemba kimekaa sawa. Alikuwa amependeza kama zamani. Nikasema, huyu Mungu amemnusuru, ni mzima. Nikienda kwake hivi nilivyo nitamwaibisha tu. Nikapita."

Pembeni, mwenye duka alikuwa anapima sukari, na mtu alisikika akibishana naye juu ya uzito. Philomena aliitazama mikono yake mwenyewe. Sponji zile za mabegani alizitia yeye. Bitana ile iliyofanya gauni lisimame juu ya mtu asiyeweza kusimama aliikata yeye, na aliishona vizuri kuliko kazi yoyote aliyopata kufanya, ili wapita njia wasijue. Wapita njia hawakujua. Aliwaza mdogo wake ameketi pale, ananyoosha shingo kila anaposikia mngurumo wa gari, na gari moja likipunguza mwendo kidogo, kisha likiongeza.

Hakumwambia chochote juu ya hayo. Yangemsaidia nani?

Mihayo alitoa suruali nyingine kwenye mfuko wa plastiki, ya kaki, nzuri. "Shemeji, msimu unafunguliwa," alisema. "Wakiniona na kamba hii hawatanipa gari. Nikipata msimu mmoja nitawaachia wazee wangu kitu." Alisita. "Ukikataa nitaelewa."

Philomena alikaa muda mrefu bila kuigusa suruali. Mihayo aliona ndiyo jibu, akaanza kuikunja airudishe mfukoni, na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuikunja vizuri.

"Simama," Philomena alisema.

Akamzunguka kwa tepu. Hakutaja kipimo. Aliifumua suruali ubavuni pande zote mbili, akaipunguza kiunoni na mapajani, akaihamisha mifuko isigongane nyuma. Kwa kuwa aliona jinsi mifupa ya nyonga ilivyotokeza, alishona kitambaa laini cha fulana upande wa ndani wa kiuno, ili akikaa garini kutwa isimchune. Kisha aliliomba na lile koti, akayashusha mabega. Mihayo alingoja amejifunika khanga aliyomwazima, kichwa ameegemeza ukutani, kama aliyelala.

Alipovaa alionekana mtu. Mwembamba, lakini mtu. Alipapasa ndani ya kiuno, akakuta kitambaa cha ziada kimekunjwa na kushikizwa.

"Hukukata?"

"Sijakata. Nimekiacha ndani," Philomena alisema. "Ukinenepa utaleta nikupanulie."

Mihayo alitikisa kichwa kukubali. Wote wawili walibaki wanaitazama suruali ile ili wasitazamane. Kisha akaaga, akavuka barabara akiwa amenyooka, na kijana mmoja wa kupakia mizigo akamwita kwa jina la lori lake la zamani akimtania kwamba kapendeza.

Walimpa gari. Aliendesha wiki chache, halafu akapeleka lori kwenye uwanja wa pamba, akashuka, akashindwa kupanda tena. Alifia kwao kabla pamba haijakwisha kununuliwa. Philomena alifunga cherehani akaenda msibani. Wanawake wa huko walimpisha kwenye mkeka, wakamwuliza yeye ni nani kwa marehemu. Alianza kusema shemeji, na ndipo akalia, yeye ambaye Mkula walimshangaa kwa kutolia. Walimshika mabega wakimbembeleza kwa Kisukuma, wakidhani analilia mtu mmoja.